Yadi 4,720 za Marion Motley: mzee wa Canton alikuwa mkweli?

SWALI: Shikamoo, mtaalamu. Naishi Ohio mwaka wa sita sasa, na kijana wangu wa miaka kumi na tatu ameupenda mno mpira wa Kimarekani. Juzi nilimpeleka Canton kwenye jumba la magwiji wa mchezo huo. Mzee mmoja tuliyemkuta pale akatuonyesha sanamu ya kichwa cha Marion Motley, akasema huyu ndiye mchezaji bora kuliko wote waliowahi kuucheza. Kijana akatafuta kwenye simu, akacheka. Mahali pamoja ameandikiwa yadi 4,720 za kukimbia na mpira, pengine 1,696, ilhali mkimbiaji mwingine, Emmitt Smith, ana yadi 18,355. Akaniuliza: "Baba, mzee yule anatudanganya?" Nikakosa la kusema. Nani mkweli, na kwa nini namba ni mbili?

JIBU: Marahaba, ndugu yangu. Mzee hakuwadanganya, na kijana hakukosea kusoma. Tuanze na hizo namba mbili, maana hilo ni jepesi.

Motley alichezea Cleveland Browns tangu msimu wa kwanza wa timu hiyo, 1946. Wakati ule Browns hawakuwa ndani ya NFL, ligi kuu ya mpira wa Kimarekani. Walikuwa katika ligi pinzani iliyoitwa All-America Football Conference, kwa kifupi AAFC, iliyoishi miaka minne tu, 1946 hadi 1949. Ilipokufa, NFL ikazichukua timu tatu: Browns, San Francisco 49ers na Baltimore Colts. Yadi 3,024 za Motley ni za AAFC, na 1,696 ni za NFL. Zijumlishe upate 4,720. Kwa miongo mingi NFL haikuzitambua takwimu za AAFC kuwa zake, ndiyo maana mwanao akakuta watu wawili ndani ya mtu mmoja.

Mimi huhesabu zote, na sifanyi hivyo kwa huruma. AAFC haikuwa ligi ya mchangani. Browns walitwaa ubingwa wake miaka yote minne, na mwaka 1948 walimaliza msimu bila kufungwa mechi hata moja. Watu wa NFL walikuwa wakisema ni mabingwa wa vibonde. Basi Browns walipoingia NFL, mechi yao ya kwanza, tarehe 16 Septemba 1950, walipangiwa kwenda Philadelphia kucheza na Eagles, mabingwa wa NFL wa 1948 na 1949. Watu 71,237 walijaa uwanjani kuwaona wageni wakitiwa adabu. Browns walishinda 35 kwa 10. Mwaka huohuo, tarehe 24 Desemba, wakawafunga Los Angeles Rams 30 kwa 28 na kuchukua ubingwa, kwa teke la mchezaji wao Lou Groza zikiwa zimebaki sekunde 28. Na aliyeongoza NFL nzima kwa yadi za kukimbia msimu ule? Marion Motley, yadi 810, akiwa na umri wa miaka 30.

Sasa tuje kwenye kicheko cha kijana. Hapa ningependa mkae naye meza moja na karatasi.

Yadi ni kama sentimita 91. Katika mchezo huu timu ina majaribio manne ya kusogea yadi kumi. Ikifanikiwa inapewa mengine manne, ikishindwa inanyang'anywa mpira. Kwa hiyo mkimbiaji akisogeza yadi nne kila anapopewa mpira, kocha wake analala usingizi. Akifika tano, tayari anazungumzwa. Emmitt Smith, ambaye simvunjii heshima hata chembe, alibeba mpira mara 4,409 na wastani wake ni yadi 4.2. Jim Brown, ambaye wengi humtaja kwanza kila ubishi huu unapozuka, alibeba mara 2,359 kwa wastani wa 5.2. Motley alibeba mara 828 tu, maisha yake yote ya kulipwa. Wastani wake: 5.7.

Mara 828 kwa misimu tisa! Mwaka 1946 alipewa mpira mara 73, akakimbia yadi 601, zaidi ya yadi nane kila mara. Hata mwaka 1950 alipoiongoza ligi, alibeba mara 140 katika msimu wa mechi 12, yaani hazifiki 12 kwa mechi. Wapo wakimbiaji wa siku hizi wanaozimaliza hizo kabla ya mapumziko. Kwa hiyo swali la kijana nadhani tuligeuze. Kwa nini mtu mwenye uwezo huo alipewa mpira mara chache hivyo?

Jibu lipo kwenye kazi yake. Motley alikuwa fulbeki, na hapa tahadhari kidogo kwa sisi tuliokulia kwenye kandanda: kwetu fulbeki ni mlinzi, kwao ni mshambuliaji anayesimama nyuma ya kwotabeki, yule mpanga mchezo anayerusha mpira. Kwotabeki wa Browns alikuwa Otto Graham, na kocha Paul Brown alijenga timu iliyopenda kurusha kuliko timu nyingi za enzi zile. Ili Graham arushe, lazima apate sekunde mbili tatu za kusimama na kutazama. Na upande wa pili kuna majitu yanayokimbia kumfuata kwa nia moja tu, kumlaza chini. Wapo wanaozuiwa na safu ya mbele. Yule anayepenya ni wa Motley.

Ukitaka picha ya karibu, mfikirie namba sita mzuri wa kandanda, kiungo mkabaji. Mwisho wa msimu ukiangalia magoli aliyofunga unakuta mawili, na asiyeujua mpira anauliza huyu analipwa kwa kazi gani. Mwulize kipa wake. Tofauti ni kwamba Motley alikuwa namba sita ambaye siku akipewa mpira, anakimbia kuliko washambuliaji wenyewe.

Alikuwa na kimo cha kama mita 1.85 na uzito wa kilo 105. Leo mwili huo ni wa kawaida kwenye ligi. Mwaka 1946 mtu wa kilo 105 alitazamiwa kukaa kwenye safu ya mbele, mahali pa kusukumana, si kukimbia na mpira. Motley alikuwa mzito kuliko wengi waliotumwa kumzuia, na mbio alikuwa nazo. Kuna picha yake maarufu anayokimbia na mpira bila helmeti, imeshamtoka kichwani naye hana habari. Kanuni za leo zingesimamisha mchezo palepale.

Kuna mbinu mbili ambazo alihusika nazo kiasi kwamba huwezi kuzitaja bila yeye. Ya kwanza ni ile wanayoiita mtego. Unamwacha mlinzi mmoja wa mbele apenye kana kwamba umemsahau. Anafurahi, anaingia. Ghafla anapigwa kutoka ubavuni na mtu ambaye hakumwona, na kwenye pengo aliloliacha nyuma yake, Motley anapita na mpira. Mbinu hii ina kasoro moja: inahitaji mkimbiaji anayefika penye pengo haraka na ambaye mtu wa pili hawezi kumwangusha peke yake. Browns walikuwa naye.

Ya pili, kwa masimulizi ya wenyewe Browns, ilizaliwa kwa bahati mbaya. Graham alirudi nyuma kutaka kurusha, akazidiwa, watu wameshamfikia. Badala ya kuanguka na mpira akamkabidhi Motley aliyekuwa amesimama pembeni yake kumkinga. Wale walinzi waliokuwa wakimkimbilia Graham walikuwa na kasi ya kupitiliza; walipogeuka, Motley alikuwa mbele yao kwenye uwanja mtupu. Paul Brown alikuwa kocha wa kukagua filamu za mechi kwa makini mno, basi kosa lile likawekwa kwenye daftari la timu kuwa mbinu rasmi. Leo kila timu inayo. Kijana akiona kwotabeki anajifanya anarusha halafu mpira unatolewa kichinichini kwa mkimbiaji, ajue anaangalia ajali ya Cleveland. Ila ajali ile isingefaa kitu kama fulbeki asingekuwa mtu ambaye adui alishazoea kumwona amesimama pale kwa ajili ya kukinga tu.

Na siku walipoamua kumpa mpira kwelikweli? Tarehe 29 Oktoba 1950, dhidi ya Pittsburgh Steelers, alibeba mara 11 akakimbia yadi 188. Ni zaidi ya yadi 17 kila alipogusa mpira. Rekodi hiyo ya wastani katika mechi moja, kwa mtu aliyebeba mara kumi au zaidi, ilikaa miaka 52, hadi Michael Vick alipoivunja mwaka 2002. Tena Vick alikuwa kwotabeki, si fulbeki.

Hiyo ni sababu ya kwanza ya namba kuwa ndogo. Ya pili si ya uwanjani, na kijana wa miaka kumi na tatu anaweza kuibeba.

Motley alianza kulipwa akiwa na miaka 26. Jim Brown alianza na 21. Miaka mitano ya ujana wa mkimbiaji ni mali kubwa, na ya Motley ilikwenda wapi? Alizaliwa tarehe 5 Juni 1920 huko Leesburg, Georgia, familia ikahamia Canton angali mtoto mdogo. Naam, Canton hiyohiyo mliyokwenda. Pale kwenye shule ya sekondari ya McKinley timu yake ilipoteza mechi tatu tu, zote kwa mahasimu wao wa mji jirani wa Massillon. Kocha wa Massillon alikuwa kijana aliyeitwa Paul Brown. Shika jina hilo. Motley akaenda chuo South Carolina State, kisha Nevada kule Reno, kisha vita vikamchukua: jeshi la majini, kambi ya Great Lakes kaskazini ya Chicago. Nani alikuwa anafundisha timu ya kambi? Paul Brown tena. Mwaka 1945 timu ile ya wanamaji iliwachapa chuo cha Notre Dame 39 kwa 7, na Motley alikuwa moto.

Lakini hata bila vita, mlango ulikuwa umefungwa. Kuanzia 1934 hadi 1945 hakukuwa na mchezaji Mweusi hata mmoja katika NFL. Hakuna kanuni iliyoandikwa. Wenye timu walielewana tu. Vita ilipokwisha, Motley alikuwa Canton akifanya kazi kwenye kiwanda cha chuma. Alimwomba Paul Brown, aliyekuwa anaunda timu mpya ya Cleveland, nafasi ya kujaribiwa, akajibiwa wakimbiaji wametosha. Agosti 1946 akaitwa kambini Bowling Green, siku chache baada ya kuitwa Bill Willis, mlinzi Mweusi kutoka chuo cha Ohio State. Motley mwenyewe aliamini mwanzoni aliitwa ili Willis apate mtu wa kulala naye chumba kimoja, maana mzungu na Mweusi hawakulazwa pamoja. Kama ndivyo, basi ni mwenza wa chumba wa bei rahisi kuliko wote katika historia ya michezo.

Mwaka huohuo Los Angeles Rams ya NFL iliwasajili Kenny Washington na Woody Strode. Hao wanne ndio waliovunja ukuta wa mpira wa Kimarekani wa kulipwa, na ona tarehe: Jackie Robinson, mchezaji Mweusi wa besiboli ambaye dunia nzima inamjua, aliingia uwanjani na Brooklyn Dodgers tarehe 15 Aprili 1947. Wanne hawa walimtangulia kwa msimu mzima. Besiboli ndiyo iliyokuwa mchezo wa taifa wakati ule, mpira wa Kimarekani wa kulipwa ulikuwa bado nduguye mdogo, kwa hiyo magazeti yakampa Robinson ukurasa wa mbele na hawa wakabaki ndani.

Uwanjani waliikuta. Paul Brown aliwaambia mapema kwamba watatukanwa na kupigwa, na kwamba wakijibu kwa ngumi watakuwa wamewapa wapinzani walichokitaka. Motley alisimulia miaka mingi baadaye jinsi walivyokanyagwa mikono kwa viatu vya njumu baada ya filimbi kulia, waamuzi wakitazama pembeni. Hawakujibu kwa mkono. Willis aliwaangusha, yeye akawapita na mpira, mpaka wapinzani wakaona matusi hayawasogezi yadi hata moja. Desemba 1946 Browns walikuwa na mechi Miami. Sheria za Florida hazikuruhusu Weusi na wazungu kucheza pamoja, vitisho navyo vilikuwapo. Motley na Willis wakabaki Ohio. Yadi za mechi ile hazimo kwenye 4,720, na hakuna safu ya takwimu inayoeleza kwa nini hazimo.

Sababu ya tatu ni goti, na hapa sina mengi. Baada ya 1950 magoti yalianza kumsaliti. Mwaka 1951 alipata yadi 273, 1952 akapata 444, 1953 akapata 161. Mwaka 1954 hakucheza kabisa. Mwaka 1955 Browns walimpeleka Pittsburgh, walewale aliowakimbilia yadi 188, akacheza mechi chache nyuma ya safu ya ulinzi, akaachwa kabla msimu haujaisha. Alibeba mpira mara mbili tu, yadi nane. Ukifanya hesabu ya wastani, hata zile mbili za mguu mbovu zimo.

Kuhusu ulinzi, nisisahau: miaka yake ya mwanzo alitumika pande zote mbili. Adui akikaribia mstari wa goli, Motley alibaki uwanjani kuzuia. Kwa hiyo mzee wa Canton aliposema "mchezaji bora" naamini hakusema "mkimbiaji bora". Tofauti hiyo ni kubwa. Paul Zimmerman, mmoja wa waandishi waliouchambua mchezo huu kwa undani kuliko wengi na aliyetazama vizazi vingi vya wachezaji, alishikilia hadi mwisho kwamba Motley ndiye bora aliowahi kuwaona: kukimbia, kukinga, kuzuia, vyote katika mtu mmoja. Mimi sifiki huko. Kulinganisha enzi ni kazi ngumu, walinzi wa 1948 si walinzi wa leo, na nikilazimishwa kuchagua mkimbiaji mmoja wa kubeba mpira mara 25 kwa mechi nitamchukua Jim Brown. Lakini ukiniambia nichague mtu wa kusimama nyuma yangu wakati mimi ndiye nimeshika mpira na watu wanne wananijia, sihitaji kufikiri.

Utaulizwa pia na kijana alikwenda wapi baada ya hapo. Alitaka ukocha. Aliomba Browns, aliomba kwingine, miaka ikapita. Mwaka 1965 alisema hadharani kwamba ananyimwa kwa sababu ya rangi yake; timu ikajibu kuwa hakuna nafasi. Akafanya kazi ya posta, akafanya kazi ya bahati nasibu ya jimbo la Ohio, akafanya kazi na vijana katika idara ya serikali ya jimbo hilo. Mwaka 1967 alifundisha timu ya wanawake ya Cleveland. Mwaka 1968 akaingizwa kwenye jumba la Canton, mchezaji wa pili Mweusi kupata heshima hiyo baada ya Emlen Tunnell aliyeingia 1967. Mwaka 1994 NFL ilipoteua kikosi chake cha miaka 75, Motley alikuwamo. Alifariki Cleveland tarehe 27 Juni 1999 kwa saratani ya tezi dume.

Sasa kazi ya nyumbani kwa kijana. Filamu za Browns za miaka ile zinapatikana mtandaoni, nyeusi na nyeupe, zinarukaruka kidogo. Amtafute namba 76, na kwa mechi za 1952 na 1953 namba 36, maana mwaka 1952 NFL ilibadili utaratibu wa namba za jezi. Asiufuate mpira. Najua ni vigumu, macho yanapenda mpira. Amkazie macho Motley wakati Graham anarudi nyuma kurusha, ahesabu ni walinzi wangapi wanaofika kwake na wangapi wanaompita. Akishapata hizo namba mbili aniandikie, nami nitamtafutia mechi nyingine.